Ndoo Sita za Mrehani

Jirani yangu alinikabidhi ndoo zake sita za mrehani siku ya Jumatano asubuhi, kabla sijatoka kwenda kazini. Alizipitisha moja moja kwenye upenyo wa ukuta unaotenganisha ua wake na wetu, na kila nilipopokea moja, majani yalinigusa mikononi. Nilipofika ofisini, msichana wa mapokezi aliniuliza nimejipaka nini. Nilinusa viganja vyangu. Nilikuwa nimenawa kwa sabuni, na bado harufu ilikuwapo, tamu na kali kwa pamoja, kama karafuu iliyosagwa na pilipili manga.

Naitaja harufu hiyo mapema kwa sababu habari yote inaihusu. Wiki sita baadaye ilikuwa imetoweka, na aliyeitowesha ni mimi.

Mimi ni karani wa masjala. Kazi yangu ni kupokea faili, kuandika limetoka wapi na linakwenda kwa nani, na kuhakikisha linarudi. Nyumbani pia nina daftari. Naandika siku ya kubadilisha mtungi wa gesi, siku kuku alipoanza kuatamia, siku fundi aliposema atakuja na siku aliyokuja kweli. Kwa hiyo ninayoyasimulia hapa sikuyaokota kwenye kumbukumbu peke yake. Nimeyaandika, pamoja na yale yasiyonipendeza.

Tunaishi Mbagala, kwenye mchanga mtupu. Jirani yangu ni mtu wa Kilwa, mshonaji, mjane mwenye binti mmoja. Mimi nimezaliwa Kagera, kwenye migomba. Tumekaa ukuta kwa ukuta miaka kumi na mmoja, na upenyo ule ulibomoka wenyewe mvua moja ya masika, tukakubaliana tusiuzibe. Yeye ananiita shoga, nami nimejifunza kumwita hivyo hivyo, ingawa kwetu neno hilo hatulitumii.

Binti yake alikuwa ameposwa. Kwao bibi harusi havai dhahabu tu. Anavaa pia kikuba, yaani kishada kidogo cha majani na maua yenye harufu, kinachofungwa kwa uzi na kubanwa kifuani. Ndani yake huwekwa asmini, mlangilangi, na mrehani. Asmini na mlangilangi hununuliwa popote. Mrehani haununuliwi. Ule wa ndoo sita ulitokana na mmea wa mama yake jirani yangu, na ule wa mama ulitokana na wa mama yake, kijiti kinachomekwa, kinashika, kinatoa kijiti kingine. Kila msichana wa nyumba ile aliolewa na jani lake kifuani. Mmea wa Kilwa wenyewe ulikuwa umekwisha, ulizikwa chini ya zege walipojenga upya nyumba. Zilizobaki duniani ni ndoo hizi sita.

Alikuwa anakwenda Kilwa kumuuguza mama yake, ambaye alikuwa amefanyiwa upasuaji wa macho usiofanikiwa. Aliniachia maagizo mafupi. Kopo moja la maji kwa kila ndoo, siku moja nipe, siku moja niruke. Zikae juani. Nisizibembeleze. Niliandika yote kwenye daftari mbele yake, akacheka, akasema masjala imehamia nyumbani.

Sasa nieleze kwa nini sikuyafuata, maana hapo ndipo kosa lilipo. Mbagala maji ni ya kununua siku nyingi, na sisi tulikuwa tumechimba kisima mwaka uliotangulia. Niliposikia kopo moja, siku moja niruke, nilidhani ni staha. Watu wa pwani wakikuomba kitu huomba nusu ya wanachotaka ili wasikuelemee. Nikasema moyoni, huyu hataki kunimalizia maji. Na kwetu, ukikabidhiwa kitu cha mtu, unakirudisha kikiwa kimenona kuliko ulivyokipokea. Ng'ombe, mtoto, shamba, vyote. Mama yangu aliwahi kuachiwa mgomba wa jirani mwezi mmoja, akaurudisha na mkungu uliohitaji wanaume wawili kuubeba. Nilikuwa na mfano wa kufuata.

Mirehani yenyewe ilionekana dhaifu. Vijiti vya kahawia, majani madogo kama ukucha wa kidole gumba, mengine yametobolewa na wadudu. Nilinunua viroba viwili vya samadi ya ng'ombe kutoka kwa mfugaji wa Chamazi, nikajaza kila ndoo. Juu yake nikatandaza majani makavu na maganda ya ndizi, kama tunavyofanya Kagera kibanjani, kwenye shamba la migomba. Saa sita mchana niliona majani yamelegea, nikazisogeza ndoo chini ya turubai, penye kivuli. Nilimwagilia asubuhi na jioni. Nilipoona wadudu, niliwaosha kwa maji ya sabuni.

Ndoo moja niliikatia tamaa. Ilipasuka chini nilipokuwa naipokea ukutani, ikawa haishiki maji, na mmea wake ndio uliokuwa mbaya kuliko yote. Niliiweka juu ya rundo la matofali nyuma ya banda la kuku ili siku moja niitupe. Kisha nikaisahau. Daftari langu linasema: ndoo ya sita, haitapona.

Zile tano zilinijibu kwa namna ambayo ingemfurahisha mama yangu. Wiki ya tatu majani yalikuwa mapana kama kiganja cha mtoto, laini, ya kijani kinachong'aa. Vijiti vilinenepa. Wageni walisimama kuziangalia. Mume wangu alizipiga picha. Ukiniuliza kama wakati huo nilizinusa hata mara moja, nitakujibu kwamba daftari halisemi.

Jirani yangu alirudi zikiwa zimebaki wiki tatu na siku mbili kabla ya harusi. Alipita kwenye upenyo na mfuko wa korosho mkononi, tukasalimiana sana, akanipa habari za mama yake. Kisha nikamwonyesha ndoo, nami nilikuwa najivuna waziwazi. Alisimama. Akachuma jani moja, akalifikicha kwa vidole viwili, akalipeleka puani. Akachuma lingine kwenye ndoo ya pili. Akafanya hivyo kwa zote tano, bila haraka, kama mtu anayekagua vitambaa dukani.

"Yamependeza," alisema.

Akakataa chai. Akaniachia korosho, akarudi kwake. Nilipofikicha jani mwenyewe nilisikia harufu ya majani mabichi, kama ya mchicha unaochambuliwa, na kwa mbali sana, ukijitahidi, kitu kinachokumbusha mrehani.

Kesho yake alikuja baada ya kazi, akakaa kwenye kigoda jikoni kwangu, akasema alichokuja kusema. Mama yake alikuwa amekubali kusafiri kutoka Kilwa kwa jambo moja tu, kufunga kikuba cha mjukuu wake kwa mkono wake. Alimfungia dada yake, akawafungia binti zake watatu, na huyu ndiye mjukuu wa kwanza wa kike. Hakuomba kitu kingine. Angefika Alhamisi, siku mbili kabla ya harusi ya Jumamosi.

Nilipendekeza twende sokoni tukatafute mrehani wenye harufu, tuuchanganye. Mama hataona, nilisema. Nakumbuka nilivyolitamka neno hilo, na nilivyotamani kulirudisha.

Jirani yangu hakukasirika. "Shoga, kilichoingia ukungu ni macho," alisema. "Pua yake haijaingia kitu. Atashika jani moja tu, ataniuliza hili la nani."

 Kisha akaniuliza ndoo ya sita iko wapi, maana alikuwa amehesabu tano na hakutaka kuuliza jana.

Nilimpeleka nyuma ya banda la kuku nikiwa naona aibu. Ndoo ilikuwa pale pale juu ya matofali, imepauka kwa jua. Sikuwa nimeimwagilia wiki sita, isipokuwa kwa manyunyu ya mvua mara mbili tatu. Mmea ulikuwa hai. Ulikuwa mfupi, umejikunja, majani yake hayafiki hata kujaza kikombe, na wadudu walikuwa wameonja pembeni. Jirani yangu hakulifikicha jani. Alipitisha kiganja juu yake tu, akanisogezea mkono usoni.

Ilikuwa ile harufu ya Jumatano, yote.

"Huyu hapa," alisema, kama mtu aliyempata ndugu kwenye foleni ya hospitali.

Jambo hilo halikuniacha nilale vizuri. Ndoo sita, mmea mmoja, kijiti cha mama mmoja. Tano nimezihudumia, zimepoteza. Moja nimeitelekeza, imebaki nayo. Nilitaka kujua sababu, na nilimjua mtu wa kumuuliza. Aliwahi kuwa bwana shamba kwenye ofisi yetu, faili lake nililishika miaka mingi mpaka alipostaafu na kuhamia Mbweni. Jumamosi nilimpigia simu. Akaniambia nije na majani mawili, moja la kila aina, nisiyafunge kwenye nailoni.

Nilimkuta uani kwake akipalilia mche wa mpapai. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akayapokea majani kwenye karatasi ya gazeti. Alilinusa kubwa. Akalinusa dogo. Akanitazama juu ya miwani.

"Hili kubwa umeliotesha la kula na ugali?"

Nikamweleza yote, samadi, turubai, maji mara mbili. Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaniuliza, kwa maoni yangu, mrehani unatengeneza harufu kwa ajili gani.

"Ili unukie," nilisema.

"Umnukie nani? Wewe?"

 Nilikuwa nimeishi miaka arobaini na saba, nimekunywa chai ya mchaichai tangu utotoni, nimejifukiza mkaratusi kila nikipata mafua, na sikuwahi kujiuliza mmea wenyewe unafaidika nini.

Aliingia ndani akatoka na kioo cha kukuzia, akaligeuza jani dogo upande wa chini, akaniwekea kioo. Niliona vitone vinavyong'aa, vimesongamana juu ya ngozi ya jani, kama jasho la mtu puani. Hivyo, alisema, ni vifuko, na ndani yake ndimo mmea unamohifadhi mafuta yake. Si mafuta mazito kama ya nazi au alizeti. Ni mafuta mepesi yanayoruka hewani mara kifuko kinapopasuka, na hicho kinachoruka ndicho sisi tunakiita harufu.

Akaniwekea jani langu kubwa. Vitone vilikuwapo, lakini vimetawanyika, kimoja huku, kingine kule, katikati uwanda mtupu wa kijani.

"Hili lako ni Mbweni," alisema, akionyesha kwa mkono viwanja vilivyotuzunguka. "Hili dogo ni Mwananyamala. Huku nyumba moja moja. Kule hata pa kuanika nguo hapana."

Mengine nitayaeleza kwa maneno yangu, kama nilivyoyaandika kwenye daftari nikiwa nimekaa pale pale kwenye benchi lake. Mmea haukimbii wala haupigi kofi. Mdudu akija, mbuzi akija, kuvu ikija, umesimama ulipo. Kwa hiyo baadhi ya mimea hujiwekea mafuta haya kama silaha. Mdudu anayeng'ata jani la mrehani anapasua vifuko na kinywa chake kinajaa ukali. Wengi huonja mara moja wakaondoka, ndiyo maana majani ya ndoo ya sita yalikuwa yametobolewa pembeni tu, hayakuliwa. Kuvu na vijidudu vya kuozesha pia haviyapendi. Kwenye ua la mmea mambo hugeuka, harufu huacha kufukuza na kuita, na asmini huita wadudu wake hata gizani. Kuhusu jua kali, alisema mimea mingi ya nchi kavu ina mafuta mengi, na wataalamu bado wanabishana ni kiasi gani yanausaidia mmea kuvumilia joto, naye asingenidanganya kwamba wamemaliza kubishana.

Kila mmea una ghala lake. Chungwa huweka kwenye ganda. Mdalasini kwenye gome. Tangawizi chini ya ardhi. Mchaichai huficha ndani ya jani, ndiyo maana lazima uukate au uupondeponde kabla ya kuutia kwenye birika. Mrehani huweka nje, juu ya ngozi, ukipita na kanga ikaugusa umekwisha kupasua vifuko kadhaa. Hapo nilielewa kwa nini watu wa Kilwa waliuchagua huo wauvae kifuani. Mtu akikumbatiwa, kikuba kinajibu.

Lakini mafuta hayo yana gharama. Mmea huyatengeneza kwa chakula ulichokipika juani. Nilipouweka kivulini niliupunguzia chakula. Nilipoupa samadi na maji bila kiasi niliuambia ukue, nao ukakua, ukatumia ulichokuwa nacho kupanua majani na kuyajaza maji. Vifuko vichache vikatandazwa kwenye jani kubwa. Wadudu nao niliwaosha, na mara nyingi mmea ukisumbuliwa kidogo ndipo hukazana zaidi kutengeneza.

Nilimuuliza kama wiki tatu zinatosha kuurudisha. Alisema majani makubwa yalivyo ndivyo yatakavyobaki, nisiyasubiri. Nikate. Niondoe samadi, nirudishe mchanga, niweke juani, na maji nitoe tu kidole kikiingia mchangani kikatoka kikavu. Machipukizi mapya ndiyo yatakayokuja na vifuko vyake. Kama yatakuja kwa wakati, hakuahidi.

Jumapili baada ya ibada nilivuka kwenye upenyo na nguo za kazi. Jirani yangu alikuwa amekwisha kuchota mchanga kwenye karai. Tuliing'oa mirehani mmoja mmoja. Mizizi ilikuwa imezungukwa na samadi nyeusi inayodondosha maji, na hapo ndipo alipocheka kwa mara ya kwanza tangu arudi.

"Nyie watu wa migomba," alisema, "hata ua mnalinenepesha kama la kuchinja."

"Na nyie watu wa korosho mnataka kila kitu kiishi kwa umande."

Tulikata matawi hadi nusu. Yale majani mapana yalijaza beseni zima, na kuku wangu, ambao hawakuwahi kuugusa mrehani wa ndoo ya sita ingawa ulikuwa hatua mbili kutoka bandani, waliyala yote siku ile ile. Niliandika hilo pia. Sikuhitaji kioo cha kukuzia kulielewa.

Kuanzia hapo kila asubuhi saa kumi na mbili nilifanya kazi moja. Nilifikicha jani moja la kila ndoo, nikaandika. Siku ya nne, hakuna. Siku ya sita, ndoo ya tatu imekufa, pengine mizizi ilikuwa imeoza kabla. Siku ya tisa, machipukizi madogo kwenye ndoo mbili. Mchana wa siku ile jua lilikuwa kali na vijiti vyote vililala. Nilikuwa nyumbani, sikwenda kazini siku hiyo. Nilichota maji, nikasimama juu ya ndoo, na nakiri kwamba mkono ulikuwa umekwisha kuinamisha kopo.

"Weka chini hilo kopo," sauti ilisema kutoka kwenye upenyo. Alikuwa anashona barazani kwake na mguu haukuacha pedali ya cherehani.

Nililiweka chini. Jioni vijiti vilisimama vyenyewe.

Siku ya kumi na nne nilipata kitu, hafifu. Siku ya kumi na saba nilikuwa napita na beseni la nguo, kanga yangu ikagusa ndoo ya kwanza, na sikuhitaji kuinama. Nilimwita jirani yangu. Akapitisha kiganja, akanusa, akasema bado haijafika lakini iko njiani. Alisema kweli. Niliilinganisha na ya ndoo ya sita, na tofauti ilikuwa kama ya chai ya kwanza na ya maji ya kusuuzia birika. Lakini kila asubuhi tofauti hiyo ilipungua, na mimi si mtu wa kukata tamaa karatasi zikiwa zinaonyesha mambo yanasogea mbele.

Mama yake alifika Alhamisi. Mwili mdogo, ushungi mweupe, macho yaliyofunikwa na utando kama maji ya mchele. Nilimshika mkono nikamwamkia, akauliza mimi nani, akaambiwa ni jirani wa ukutani. Hakuambiwa zaidi. Jirani yangu alikuwa ameamua kutosema chochote, wala asimdanganye akiuliza.

Jumamosi asubuhi wanawake tulikaa kwenye mkeka sebuleni. Bibi aliwekewa masinia matatu mbele yake, la asmini, la mlangilangi, na la mrehani. Tulikuwa tumechuma alfajiri, vilele tu vya ndoo nne zilizopona, na majani machache ya ndoo ya sita tumeyachanganya humo humo. Bibi harusi alikaa kando yake, mikono imejaa hina.

Bibi alianza na mrehani. Alichukua kilele kimoja, akakipitisha chini ya pua, akakiweka mapajani. Kingine, mapajani. Kingine, akakitupa kushoto. Alifanya kazi kwa kasi ambayo sikuitarajia, na kila kilichotupwa kushoto nilikifuata kwa macho. Rundo la kushoto lilikua. Jirani yangu alikuwa anakunja ukingo wa mkeka na kuukunjua.

Katikati ya sinia mkono ukasimama. Bibi alikinusa kilele kile mara mbili.

"Huu umelishwa nini?"

 Jirani yangu alinitazama, kisha akatazama chini, na niliona kwamba asingenitaja.

"Samadi, bibi," nilisema. "Nimeulisha mimi. Nilikuwa nautunza wakati mwanao yuko kwenu."

"Ya ng'ombe?"

"Ya ng'ombe."

"Nikasema." Alikigeuza kidoleni. "Kwenu wapi?"

"Kagera."

"Mnalisha nini huko?"

"Migomba."

"Mgomba unaulisha ukupe ndizi. Huu ulitaka ukupe nini?"

Wanawake walicheka, na mimi nikacheka nao, maana lilikuwa swali lile lile la bwana shamba, tena fupi zaidi. Kisha bibi hakukitupa kile kilele kushoto. Alikichana, akatoa majani mawili ya chini akayatupa, akabakiza ncha, yale majani madogo ambayo hata hayajafunguka. Akakiweka mapajani. Akarudia lile rundo la kushoto, akaanza kulipitia upya kwa namna hiyo, majani ya chini nje, ncha ndani.  Mpaka anamaliza, mapajani mwake mlikuwa na fungu linaloweza kujaza kiganja kimoja.

Kwa desturi yao, mama wa bibi harusi na shangazi zake wote huvaa vikuba vya mrehani ule ule. Siku ile haukutosha. Bibi alisema wengine watavaa asmini, akafunga kimoja. Vidole vyake vilipanga asmini nje, mlangilangi kati, mrehani ndani karibu na uzi, akavuta, akazungusha, akakata uzi kwa meno. Akamvuta mjukuu wake kwa bega, akatafuta ukingo wa nguo kwa mkono, akakibana kifuani. Kisha akamkumbatia, akambana kwa nguvu, na akakaa hivyo muda.

Nilikuwa umbali wa mikono miwili na harufu ilinifikia.

"Ndiyo," bibi alisema. Akamwachia.

Jirani yangu alitoka kwenda jikoni kuangalia wali ambao haukuhitaji kuangaliwa. Nilimfuata. Alikuwa anafuta macho kwa ncha ya kanga, na aliponiona alinikabidhi mwiko, akasema kama nimekuja nifanye kazi, nisije nikatia samadi humo.

Nilipokuwa naondoka jioni bibi aliniita kwa sauti ya kuamrisha. Alinipa bahasha ya gazeti. Ndani mlikuwa na majani yote aliyoyakataa.

"Haya kapikie mchuzi, yamenenepa yenyewe," alisema. Kisha akanipa na kijiti kimoja, kimekatwa chini ya fundo. "Na hiki kichomeke mchangani. Usikipende sana."

Nilikiweka kwenye kopo la maziwa ya unga lililotobolewa, juu ya matofali yale yale nyuma ya banda la kuku. Kimeshika. Mume wangu huniuliza kwa nini nauadhibu mmea wa watu, na wageni hawasimami kuuangalia. Maji naupa kidole kikitoka kikavu, na siku nyingine hata kikitoka kikavu nasubiri hadi jioni. Jirani yangu huchungulia kwenye upenyo kuhakikisha.

Wiki iliyopita nilipitisha kiganja juu yake kabla ya kwenda kazini. Nilipofika, msichana wa mapokezi alikuwa ameinamia daftari la wageni. Hakuuliza kitu. Aliinua kichwa tu, akavuta pumzi, akaendelea kuandika.